Macho yako pale, lakini akili iko wapi?

Katika utafiti wangu wa kwanza wa umakini nilikaa wiki mbili nikiamini nimegundua jambo. Mshiriki alitakiwa kutafuta herufi moja iliyojificha kati ya nyingi kwenye skrini, nasi tukirekodi macho yake kwa kifaa kinachofuatilia yanakotazama. Rekodi zilionyesha kwamba kadiri muda ulivyokwenda, watu waliacha kutazama herufi wakawa wanatazama nafasi tupu chini yake. Nikaandika daftarini: wamechoka, umakini unapungua. Kumbe walikuwa wameteleza taratibu kwenye kiti, vichwa vimeshuka, na kifaa kinakosea. Rekodi za watu 11 zilitupwa, na iliniuma, kwa sababu walikuwa wamenipa muda wao bure.

Kwa hiyo usiiamini rekodi ambayo hujaikagua. Vifaa vingi humulika jicho kwa miale ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), kisha hulinganisha mahali ilipo mboni na mng'ao unaorudi kutoka kwenye konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Kifaa hakijui mtu anatazama wapi. Kinakisia, kwa kutegemea nukta chache, mara nyingi 5 au 9, ambazo mshiriki alizikazia macho mwanzoni. Akisogea, makisio nayo yanaweza kusogea. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ina upana wa takriban digrii 2 tu, kama upana wa dole gumba ukinyoosha mkono mbele yako, hivyo kosa la digrii 1 si dogo: linatosha kukuonyesha kwamba mtu alisoma neno ambalo hakulisoma. Siku hizi natumia kiegemeo cha kidevu na narudia nukta kila baada ya dakika chache, hata mshiriki akichoshwa nazo kidogo. Pia namwomba afute wanja kabla ya kuanza, maana unaweza kukichanganya kifaa. Nakuomba uliseme hilo kwa upole. Ni uso wake.

Ukitaka kupima mboni yenyewe, dhibiti mwanga wa chumba kwanza. Ni kweli mboni hupanuka akili inapobeba mzigo (wanasaikolojia Kahneman na Beatty walilionyesha hilo mwaka 1966 kwa watu waliokariri tarakimu), lakini pazia likifunguliwa tu, badiliko la mwanga litaumeza mzigo wote.

Halafu kuna jambo gumu zaidi. Jicho hutua kwa milisekunde 200 hadi 300 hivi, likaruka, likatua tena, na kifaa hukuandikia lilipotua. Mahali akili ilipokuwa hakikuandikii. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Michael Posner alionyesha kwamba mtu anaweza kukaza macho katikati huku umakini wake umehamia pembeni, na akaitikia upesi zaidi kinachotokea huko. Nani hajawahi kupitisha macho ukurasa mzima asishike hata neno? Ndiyo maana sichambui macho peke yake. Nayaweka kando ya majibu ya mshiriki na kasi ya kujibu.

Maelekezo nayo yaandikwe neno kwa neno, kila mshiriki asomewe yaleyale. Alfred Yarbus, mtafiti wa Kisovieti, alionyesha kwamba mtu yuleyule akitazama picha ileile, macho yake hupita njia tofauti kila anapoulizwa swali tofauti. Ukimwambia mmoja "tazama" na mwingine "tafuta", umeendesha majaribio mawili.

Kwa anayeanza, napendekeza jaribio la kutazama kinyume: nukta inatokea upande mmoja, nawe unatakiwa kutazama upande wa pili. Hapa jicho lenyewe ndilo jibu. Hata watu wazima wenye afya njema hukosea, macho yakaikimbilia nukta kisha yakajirudi, na mara nyingi wenyewe hawana habari. Mshiriki mmoja aliniapia kwamba hakukosea hata mara moja. Rekodi yake ilikuwa na makosa 7, wala hakuwa anasema uongo. Tangu siku hiyo namuuliza kila mtu kwanza anadhani amekosea mara ngapi, ndipo nafungua rekodi.