Kura ya Lamu ina uzito gani?

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni nahodha wa boti ya abiria, Mokowe hadi Lamu. Kila ukikaribia uchaguzi abiria hubishana humu botini. Wako wasemao urais hupangwa na makabila makubwa ya bara, sisi twapanga foleni bure. Wengine wataka nasi tujifunge kikabila, tuwe na mtu wetu. Wasemaje?
Nahodha, Mokowe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Foleni yako si ya bure. Katiba ya 2010, kifungu cha 138, yamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na hapo wenye watu wengi ndio wenye nguvu. Lakini yamtaka pia apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani 24. Kwenye hesabu hiyo Lamu ni moja na Nairobi ni moja. Kabla ya hapo, tangu 1992, ilikuwa ikihesabiwa mikoa, 5 kati ya 8, nasi tukamezwa ndani ya Pwani.

La kujifunga kikabila ndilo lililoniumiza. Huyo "mtu wetu" ni wa nani? Itazame boti yako asubuhi: Mbajuni na tenga lake la samaki, Mgikuyu wa Mpeketoni na magunia ya kabichi, Mgiriama, Muorma. Juni 2014 watu wapatao 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, wengi wao wenye asili ya bara. Mwezi uliofuata ikaja amri ya kutotoka nje usiku. Kaka yangu huvua usiku. Nyavu zake zilikaa barazani zimekauka, chumvi yapukutika sakafuni kila nikifagia, na watoto wake wakawa wanakula kwangu. Kilio kilianzia kwa jirani wa kabila lingine, njaa ikaingia kwetu. Sitaki kuyaona tena, wallahi.

Basi mgombea akishuka gatini kwako usimuulize kabila. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia kazi ziwaendee wasiotoka katika jamii yenye watu wengi zaidi katika kaunti. Mwambie akuahidi, mbele ya abiria wote, kwamba orodha ya walioajiriwa itabandikwa ukutani Mkunguni, uwanjani pale mjini Lamu, kila mtu aisome.