Maswali yenu kuhusu Biblia: Nikea tena, mistari "iliyofutwa" na Henoko

Simu imejaa maswali, mengine ya maana sana na mengine nimeshayajibu mpaka basi. Nachukua machache ya wiki hii, ambaye swali lako halipo usinune, subiri zamu.

Bwana Yesu asifiwe mwalimu. Ni kweli mfalme Konstantino na maaskofu walipiga kura Nikea mwaka 325 wakachagua vitabu vya Biblia na vingine wakachoma? (Mwanga, Kigoma)

Ameni. Hapana. Na jamani hili naomba tulimalize. Nikea, ambayo leo inaitwa Iznik iko Uturuki, walikutana kwa sababu ya Ario, padri wa Aleksandria aliyekuwa anafundisha kwamba Mwana aliumbwa. Wakajadili na tarehe ya Pasaka, wakatoa kanuni 20 ambazo zipo mpaka leo zinasomeka, na hakuna hata moja inayotaja orodha ya vitabu vya Biblia. Ile hadithi ya vitabu kurundikwa kwenye madhabahu halafu vya uongo vikadondoka chini imetoka kwenye maandishi ya karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baadaye, Voltaire, mwandishi Mfaransa wa karne ya 18, akaja akaisambaza Ulaya, na sasa inazunguka kwenye klipu za TikTok zenye muziki wa kutisha na watu wazima wanaifowadi bila kuuliza.

Konstantino alichofanya, tena baada ya Nikea, ni kumwagiza askofu Eusebio wa Kaisaria amtengenezee nakala 50 za Maandiko kwa ajili ya makanisa ya mji wake mpya, Konstantinopoli. Injili nne zilishakubalika zamani, askofu Ireneo wa Lyon kwenye mwaka 180 hivi anazitaja hizi hizi nne na hataki ya tano. Vilivyobishaniwa ni vya pembeni, Yakobo, Yuda, 2 Petro, 2 na 3 Yohana, Waebrania, Ufunuo, na ubishi wenyewe ulichukua miaka na miaka. Orodha ya kwanza tuliyonayo yenye vitabu 27 vya Agano Jipya hivi hivi tulivyozoea iko kwenye barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367, miaka 42 baada ya Nikea. Nyie mnaolisema hili la kura mkiwa mimbarani, kuna vijana wanawasikiliza, siku wakigundua mliokota mtandaoni wataacha kuwaamini hata mnaposema kweli.

Biblia original iko wapi? (Uvinza)

Haipo. Hatuna hata karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono wa Paulo, na waraka wa Warumi wenyewe Paulo alitamka, aliyeshika kalamu ni Tertio, soma Warumi 16:22. Tulichonacho ni nakala.

Shalom. Mtumishi wetu amesema Biblia za kisasa zimefuta Mathayo 17:21 ili watu wasifunge, ni mpango wa shetani. Tuzichome? (Kasulu)

Usichome kitu dada yangu. Kwanza fungua Union Version, Biblia ya Kiswahili hiyo hiyo anayohubiria mtumishi, utaukuta mstari umewekwa kwenye mabano. Nani hapo aliuficha?

Ilivyokuwa ni hivi. Kabla ya mashine ya kuchapa kila kitu kilinakiliwa kwa mkono kwa miaka kama 1,400. Wanaoimba kwaya wataelewa haraka: wimbo mmoja, daftari 40, kila mmoja kanakili kwa mwenzake, mmoja karuka mstari, mwingine kaongeza maneno anayoyajua kutoka wimbo mwingine. Ukikusanya daftari zote ukazipanga, ukajua ipi ni ya zamani na nani alinakili kwa nani, unaona kabisa wapi pameongezwa. Agano Jipya la Kigiriki tunalo kwenye hati zaidi ya 5,000, nyingine vipande tu, kile cha Yohana 18 kilichoko Manchester ni kidogo kuliko kiganja na wengi wanakiweka karne ya 2.

Sasa hati mbili kubwa za karne ya 4, Vaticanus na Sinaiticus, Mathayo 17:21 hazina. Ila habari ile ile ya kijana mwenye pepo ipo Marko 9:29, kwamba namna hii haitoki isipokuwa kwa kuomba, na nakala nyingi za Marko zinaongeza na kufunga. Inaonekana mnakili anayejua Marko kwa moyo aliandika hivyo hivyo kwenye Mathayo, wala hakuwa na nia mbaya. King James, ile Biblia ya Kiingereza ya 1611, ilifuata Kigiriki kilichochapwa kutokana na nakala za karne za baadaye, ndiyo maana inao. Na kufunga hakujaguswa, Mathayo 6:16 ipo, Matendo 13:2-3 ipo. Anayetaka kufunga afunge. Lakini mtumishi anayewatisha watu na mstari ambao hajasoma hata tanbihi yake chini ya ukurasa anawafanyia watu wa Mungu jambo baya, na nalisema hili kwa uchungu.

Nani aliweka sura na mistari? (Nzega)

Sura ni Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, baadaye akawa askofu mkuu wa Canterbury. Namba za mistari ya Agano Jipya ni mchapaji Robert Estienne, 1551. Sio Paulo. Kwa hiyo wanaume mnaoanzia Waefeso 5:22 "enyi wake" rudini 21, "hali mnanyenyekeana", ni mazungumzo yale yale, namba ndiyo imekata.

Tumsifu Yesu Kristo. Jirani Mlokole anasema sisi Wakatoliki tumeongeza vitabu 7. (Tabora)

Milele amina. Mwambie taratibu kwamba vitabu hivyo vilikuwa kwenye Agano la Kale la Kigiriki walilosoma Wakristo wa mwanzo, ingawa Jerome, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, alikuwa na mashaka navyo. Luther mwenyewe kwenye Biblia yake ya 1534 hakuvitupa, alivitenga mwishoni mwa Agano la Kale. King James ya 1611 ilikuwa navyo. Wakatoliki walivithibitisha rasmi kwenye mtaguso wa Trento 1546, ndiyo, ila kuthibitisha na kuongeza ni vitu viwili. Biblia ya Habari Njema inapatikana yenye navyo na isiyo navyo. Mimi ni Mprotestanti, sivitumii kujengea mafundisho, lakini kimojawapo, Yoshua bin Sira, nakisoma na ninyi mngekisoma.

Asalaam aleikum. Mimi Muislamu wa Ujiji, nakufuatilia. Kwenye mhadhara tuliambiwa Injili ya Barnaba ndiyo ya kweli, mmeificha.

Waaleikum salaam ndugu yangu, karibu sana. Haijafichwa, ilichapwa kwa Kiingereza Oxford mwaka 1907. Maandishi yake yanayojulikana ni ya Kiitalia, yako Vienna, na ya Kihispania, hayavuki nyuma ya karne ya 16. Ndani yake inataja Jubilei ya kila miaka 100, na hiyo ilianzishwa na Papa Boniface VIII mwaka 1300, kwa hiyo aliyeiandika hakuwa zama za Yesu. Tena humo Yesu anakana kuwa Masihi, wakati Kurani inamwita Isa Masihi, na wewe hilo unalijua kuliko mimi. Na Wakristo wenzangu mnaopanda jukwaani na aya za Kurani mlizokariri vipande vipande, mnafanya kosa hilo hilo, msicheke.

Marko 16:18, tukinywa kitu cha kufisha hakitatudhuru. Mbona wengine wanasema haipo? (Buhigwe)

Vaticanus na Sinaiticus zinaishia 16:8. Nakala nyingi mno zinayo 9-20, na Ireneo ananukuu 16:19, kwa hiyo ni maneno ya kale hata kama Marko hakuyaandika yeye. Lakini sikiliza, usinywe chochote kupima imani na usiache dawa za hospitali kwa sababu ya mstari huu, akikwambia mtu uache toka kwenye hicho kikundi leo.

Naomba PDF ya Henoko, kitabu walichotunyima. (Kibondo)

Waethiopia wanacho kwenye Biblia yao ya vitabu 81 na hawajawahi kuacha kukisoma, Yuda 14 anakinukuu. Hakuna aliyekunyima. PDF sitoi, nusu ya zinazozunguka zimechanganywa na maneno ya watu. Maliza kwanza Yuda yenyewe, ni sura moja.