Usiseme Umepita Panama Kama Hujapanda Boti

Dada mmoja aliyeko Doha ameniandikia wiki hii. Anakwenda Panama, ana siku mbili tu, na anauliza kama apande boti ya watalii inayopita ndani ya mfereji au aende tu Miraflores, kwenye malango ya mfereji, akazitazame meli kutoka barazani. Panda boti, dadangu. Ningeishia hapo, lakini swali lako limenitonesha kidonda.

Mara ya kwanza nilikwenda Panama nikitokea Houston, ninakoishi. Nilijiona mjanja. Boti walitaka zaidi ya dola 150, na kiingilio cha Miraflores kilikuwa sehemu ndogo tu ya hizo. Nikalala mpaka saa nne, nikanywa chai taratibu, nikafika saa sita mchana. Meli hakuna! Kwa kawaida asubuhi hupanda zile zinazotoka Pasifiki, na alasiri hushuka zile zilizotoka Atlantiki. Katikati hapo pamelala. Nilikaa juani saa mbili, nikapiga picha ya lango lililofungwa, nikaondoka. Yote hayo yangesameheka. Lakini ile picha niliituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nikaandika: "Leo nimepita Panama."

Ami yangu alikuwa baharia, Mombasa nzima ya umri wake inamjua. Akatuma sauti: "Mwanangu, hongera. Hebu tuambie, Pedro Miguel ni ngazi ngapi?"

Nikanyamaza, maana sikujua kwamba Pedro Miguel ni malango mengine baada ya Miraflores, na ngazi ni chumba cha maji kinachoipandisha meli. Kundi zima likaangua kicheko, na binamu zangu mpaka leo wananiita Pedro. Mnacheka, lakini niliumia.

Mwezi wa pili mwaka huu nikarudi. Safari hii niliamka kabla ya alfajiri, na saa moja nilikuwa tayari gatini Amador. Kusubiri kulikuwa kurefu, sitakuchosha nako. Tulipita chini ya lile daraja la Amerika la mwaka 1962, tukaingia Miraflores nyuma ya meli moja ya mizigo, ndefu kama mtaa. Chumba cha maji kina upana wa mita 33.5, na meli kubwa zaidi zinazoruhusiwa kupita humo hufika mita 32.3. Zinashikiliwa kwa nyaya na vichwa vidogo vya treni vinavyotembea kandokando, navyo wenyeji huviita baghala.

Lango likafungwa nyuma yetu. Mara maji yakaanza kuchemka kutoka chini, na ukuta uliokuwa juu ya kichwa changu ukaanza kuzama. Yaani sisi ndio tuliokuwa tukipanda, lakini macho yanakataa. Hakuna pampu hata moja. Maji hayo ni ya mto Chagres, uliozuiwa ukawa ziwa Gatún, nayo huteremka yenyewe kwa uzito wake. Ukipita Suez hukutani na haya, kule ni bahari moja kwa moja. Ferdinand de Lesseps aliyeichimba Suez alidhani Panama nayo itakubali vivyo hivyo. Alianza 1881, kampuni ikaanguka 1889, na waliokufa wanakadiriwa kuwa 22,000, wengi kwa malaria na homa ya manjano. Wamarekani waliokuja baada yake ndio walioamua kuipandisha meli mlimani, mita 26 juu ya bahari, na mfereji ukafunguliwa tarehe 15 Agosti 1914.

Upande wa kulia nikaliona lile baraza langu la aibu, limejaa watu asubuhi hiyo. Wakatupungia mkono. Nami nikawapungia, tena kwa mikono miwili, kama malkia.

Basi ushauri wangu ni huu: amka mapema. Uliza kabla ya kulipa kama boti inakwenda nusu ya mfereji au wote, maana safari nzima haipatikani kila siku. Usigombanie omo, yaani mbele ya boti, wote wanakimbilia huko na utaishia kupiga picha za visogo. Kaa ubavuni, ukuta wenye kuvu utapita karibu na uso wako. Vaa kofia. Na uamke mapema, nasema tena, kwa sababu tatizo letu sisi tunaosafiri siku hizi ni uvivu uliovishwa jina la mapumziko. Tunavuka bara zima, kisha tunabana dola pale pale penye kile tulichokifuata. Dadangu, tiketi ya ndege umelipa ngapi? Halafu boti ndiyo ghali? Tunataka picha ya kuwaonyesha watu, na watu wenyewe wamefika kabla yetu wakiwa wanafanya kazi, wanavuta kamba.

Pedro Miguel ni ngazi moja. Nilirekodi lango likifunguka, na kabla hata hatujaingia kwenye lile korongo la Culebra nilikuwa nimeshaituma video kwenye kundi: "Moja, Ami."

Tuliposhuka Gamboa na kupakiwa kwenye basi la kurudi mjini, jibu lake lilikuwa limeingia. Sauti ya sekunde nne.

"Ahsante, mwanangu. Na Gatún?"

Malango ya Gatún yako ule upande mwingine, wa Atlantiki, ambako boti yetu haikufika. Binamu zangu bado wananiita Pedro.