Miezi sita inamtosha mhudumu wa afya wa kijiji?

SWALI: Shikamoo dokta. Huku kwetu Kilindi zahanati iko mbali sana, sasa binti wa jirani kachaguliwa akasomee uhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kweli miezi sita inatosha nimwamini na mwanangu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa kazi yake inatosha, maana yeye sio daktari. Mpango wa Tanzania wa wahudumu hawa, uliozinduliwa Januari 2024, una mafunzo ya miezi mitatu darasani na mitatu ya vitendo, na mi naona hiyo ya vitendo ndo yenyewe. Chukua kifua tu, anamfunua mtoto fulana, anasubiri atulie, anahesabu pumzi dakika nzima huku anaangalia saa, mtoto wa miezi 2 mpaka chini ya mwaka akifika 50, au wa mwaka mpaka chini ya mitano akifika 40, hiyo yaweza kuwa nimonia na rufaa anaandikiwa hapohapo. Ila mtoto akipata degedege au akishindwa kunyonya msisubiri kuhesabu chochote, tafuteni bodaboda mumwahishe! Kinachoniuma mimi ni baada ya mafunzo, kwahiyo muulizeni mwenyekiti wa kijiji mapema, nani wa zahanati atamsimamia, na posho yake itatoka wapi.