Msimu bora wa Simba Queens

Umeuliza msimu gani wa Simba Queens, timu ya soka ya wanawake ya Simba, ulikuwa bora. Mimi nasema 2021/22 bila kusita. Sababu si kombe la ligi peke yake, maana hilo walishalibeba misimu miwili iliyotangulia. Ila bingwa wetu wa Ligi Kuu ya Wanawake haendi Ligi ya Mabingwa Afrika moja kwa moja. Lazima kwanza atwae ubingwa wa kanda ya CECAFA, yaani Afrika Mashariki na Kati, na nafasi ni moja tu. Agosti 2022 wakaimaliza She Corporate ya Uganda 1-0 kwenye fainali pale Chamazi, Dar es Salaam, tiketi ya Ligi ya Mabingwa kule Morocco ikapatikana.

Huko wakafungwa na wenyeji AS FAR 1-0, watu wakaanza kubeza. Kilichofuata: Determine Girls ya Liberia 2-0, Green Buffaloes ya Zambia 2-0, hao nusu fainali! Mamelodi Sundowns, waliokuwa mabingwa watetezi, waliwatoa kwa bao moja tu. Mechi ya mshindi wa tatu walichapwa 3-0 na Bayelsa Queens, sawa, ila nafasi ya nne Afrika siyo mchezo.

Msimu uliofuata JKT Queens wakawapokonya ubingwa. Wanaoshangaa wanasahau kwamba JKT walikuwa wababe wa ligi hii kabla Simba hawajaanza kutamba. Na ukimwondoa straika kama Opa Clement, aliyekwenda kucheza Uturuki, pengo lazima lionekane tu.