Shavu limevimba, nisubiri lishuke ndo ning'oe?

Swali

Shikamoo dokta. Mimi ni dereva bodaboda hapa Morogoro, nina miaka 29. Nina gego la chini kulia lina tundu tangu mwaka jana, lilikuwa linauma nikinywa soda ya baridi nikawa nakwepa tu, natafunia upande wa pili. Mwezi wa pili likanishika usiku mpaka nikalia, nikameza dawa, baada ya siku kadhaa likaacha lenyewe nikajua limepona. Sasa tangu Jumatatu shavu limevimba, linapwita kama moyo umehamia humo, na nikifunga mdomo lile gego ndo linagonga la kwanza utafikiri limerefuka. Duka la dawa nimepewa vile vidonge vya rangi mbili, nimekula siku mbili uvimbe umepungua kidogo. Mama ananiambia jino likivimba haling'olewi mpaka lishuke, kuna jirani aling'oa akafa. Jamaa wa kijiweni nao wanasema nitie maji ya betri mdudu afe. Nifanye lipi?

Jibu

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hao wa kijiweni. Maji ya betri ni tindikali, yanaunguza fizi, ulimi na koo na usaha unabaki palepale, kwa hiyo usithubutu hata kama umeona mtu kafanya akapata nafuu. Na mdudu hakuna. Ndani ya jino kuna kiuzi cha nyama laini chenye mishipa ya damu na neva, nadhani wengi wakikiona kwenye jino lililong'olewa ndo wanasema mnyoo huo hapo.

Ulichonacho kwa maelezo yako kinafanana sana na jipu la jino, na barua yako imelieleza hatua kwa hatua bila wewe kujua. Ile baridi ya soda ilikuwa tundu linasogelea kiini, yaani ile nyama laini ya ndani. Ule usiku wa mwezi wa pili bakteria walishaingia ndani, kiini kikavimba na chenyewe kimezungukwa na ukuta mgumu hakina pa kutanukia, ukilala damu inajaa zaidi kichwani ndo maana usiku inakuwa balaa. Halafu likaacha. Hapo ndo watu wengi tunawapoteza jamani, jino halikupona, neva ilikufa, na kitu kilichokufa hakiumi. Bakteria wakaendelea taratibu mpaka kwenye ncha ya mzizi, usaha ukajikusanya mle chini kwenye mfupa, na usaha ukikosa njia unalisukuma jino juu. Kwa hiyo uliposema limerefuka hukukosea, limeinuliwa kidogo kweli. Sisi kwenye kiti tunagonga meno polepole kwa mpini wa kioo, moja baada ya jingine, mgonjwa katulia tu, tukifika lenyewe anaruka na mikono yote miwili inakuja kunishika.

Sasa vidonge. Dawa ya bakteria inasafiri kwenye damu, na ndani ya jino lililokufa damu haiingii. Kwa hiyo inapunguza moto wa pembeni, uvimbe unashuka, wewe unarudi barabarani, kiwanda cha usaha kiko palepale na baada ya wiki au miezi unarudi na shavu kubwa kuliko la mwanzo. Nina wagonjwa wamekula rangi mbili mara nne kwa jino moja, hela waliyotumia dukani ingetosha kulimaliza siku ya kwanza. Mara nyingine dawa hizo tunazitoa, homa ikiwepo au uvimbe ukiwa unasambaa, ila zinasindikiza matibabu, haziyafanyi. Na kama waliongeza na metronidazo, dawa nyingine ya bakteria, pombe uiache kabisa mpaka siku kadhaa baada ya kumaliza.

Kuhusu mama, mpe heshima yake, hilo neno halikutoka hewani. Usaha una asidi, ganzi ikichomwa palepale penye uvimbe haishiki vizuri, na mtu mwingine taya limekaza mdomo haufunguki, hapo daktari anaweza kupasua kwanza jipu litoke, akupe dawa, kisha akupangie siku ya jino. Lakini uamuzi huo unafanyika ukiwa umeshakaa kwenye kiti, haufanyiki nyumbani. Kwa gego la chini ganzi tunaichoma nyuma kabisa ya taya, mara nyingi mbali na uvimbe, na mara nyingi tunang'oa jino lililovimba bila shida. Jirani yenu sijui kisa chake siwezi kumsemea, ila kinachoua kwenye habari hizi kwa kawaida ni maambukizi yaliyoachwa siku nyingi, mtu anafikishwa hospitali kachelewa, anang'olewa, akifa lawama inabebeshwa koleo.

Na magego ya chini ndo nayaogopa zaidi. Mizizi yake iko karibu na nafasi iliyo chini ya ulimi, usaha ukishukia huko unavimbisha pande zote mbili chini ya kidevu, ulimi unainuliwa, njia ya hewa inabanwa. Ugonjwa huo unaitwa anjaina ya Ludwig, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeuelezea mwaka 1836, na unaweza kumaliza mtu ndani ya saa chache. Kwa hiyo ukiona mate huyamezi yanadondoka, mdomo haufunguki vidole viwili, sauti imebadilika kama una kiazi cha moto mdomoni, uvimbe umeshuka shingoni au umepanda jichoni, homa na kutetemeka, au hewa nzito, usisubiri asubuhi wala zahanati, nenda hospitali kubwa usiku huohuo, na usiendeshe mwenyewe.

Kama hayo huna, kesho asubuhi nenda kitengo cha kinywa na meno hospitali ya wilaya au ya mkoa. Watapiga eksirei kama ipo, halafu utachagua, kung'oa, au kusafisha mizizi na kuiziba jino libaki. Ya pili ni ghali na ni safari zaidi ya moja, ila kama gego bado lina mwili wa kutosha mimi ningelipigania, miaka 29 ni mapema kuanza kutafunia upande mmoja. Beba na pakiti za dawa ulizokula, na sema kama una kisukari, vidonda vya tumbo au dawa inayokudhuru.

Kwa leo, panadol vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Brufeni inasaidia pia ukishakula kama huna vidonda vya tumbo, ila usichanganye na diklofenaki, hao ni ndugu wa tumbo moja. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, sukutua, tema. Lalia mto mrefu. Usikande kwa moto, usitumboe kwa sindano, na aspirini usiibandike kwenye fizi, inaunguza.

Swali

Dokta, mwanangu wa miaka 6 ana kipele kama punje ya mchele kwenye fizi juu ya gego bovu, kinapasuka kinarudi, yeye hasikii maumivu. Wanasema ni la utoto litadondoka tu. Mama wa Tanga.

Jibu

Hicho kipele ni mdomo wa jipu mama, haliumi kwa sababu usaha umeshajitobolea njia. Magego ya utoto mengine hukaa mpaka miaka 10 hadi 12, na juu yake mfupani kuna jino la ukubwani linatengenezwa, usaha ukilizunguka miaka yote hiyo linaweza kuota na madoa au likiwa na kasoro. Mpeleke wiki hii hata kama anacheza. Ukiona jicho la upande huo linavimba au ana homa, mpeleke leo leo.