Ringi kunyooka siyo mwisho wa kazi

Kijana mmoja wa Newala ameniandikia kwamba kila akinyoosha ringi ya nyuma ya baiskeli, haipiti wiki inaanza tena kuyumba, na wateja wameshaanza kumsema. Ujumbe wake umenigusa. Nilianzia Masasi, nikimshikia baiskeli fundi mmoja aliyeniambia mbele za watu: "Wewe ziba pancha, ringi zina wenyewe." Akifika kwenye spoku, ananituma maji. Sijasahau.

Nikajifunza mwenyewe, kwa kufumua ringi kuukuu na kuzisuka upya. Leo msimu wa korosho ukifika, baiskeli nyingi zinazopeleka magunia kwenye ghala la chama cha msingi zinatembelea ringi zangu, na nalisema hilo bila haya.

Sasa mdogo wangu, sikiliza. Unaweza kuinyoosha ringi kwa kukaza spoku mbili kupita kiasi huku jirani zake zimelegea, na kwa macho ikapendeza kabisa. Ikikutana na mzigo na mashimo, nati za zile zilizolegea, vile vifungio vinavyoshika spoku kwenye ringi, zinajifungua. Na spoku iliyolegea ndiyo inayokatika, pale kwenye kona yake karibu na habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa sababu kila gurudumu linapozunguka inalegea na kuvutwa mpaka chuma kinachoka. Kwa hiyo zigonge, uzisikilize. Za upande mmoja zitoe sauti moja. Gurudumu la nyuma, za upande wa cheni zitalia kwa sauti nyembamba zaidi, maana zimekazwa zaidi ili ringi ikae katikati ya fremu huku frili, ile gia ya nyuma inayoshika cheni, ikipata nafasi. Usizilazimishe zifanane na za kushoto.

Ringi ikienda kulia, legeza nati za spoku za kulia za hapo robo mzunguko, kaza za kushoto robo, zungusha uangalie. Robo! Haraka ndiyo inayowaaibisha mafundi wetu, hiyo na uchoyo wa kumficha kijana kazi.

Ukimaliza, shika spoku mbili zinazokwenda sambamba uzibane kwa nguvu kiganjani, zunguka gurudumu zima. Utasikia zikialika. Hapo ringi itayumba kidogo; inyooshe tena.

Hiyo yako inayorudi, acha kuivuta. Tia mafuta kwenye nati, zilegeze zote mpaka nyuzi za spoku, ile mikato inayoshika nati, zianze kuonekana kwa kiasi kimoja, kisha kaza upya ukianzia kwenye tundu la valvu, zamu kwa zamu, bila kuruka hata moja.